Sekunde Tisa Bila Rubani

Foleni ya kujiandikisha ilifika hadi mlangoni. Walimu wa ndege zisizo na injini, wapatao sitini, walikuja kunoa ujuzi wao kwa siku tatu, na atakayeshindwa hafundishi tena. Kidoti, aliyeitwa hivyo kwa ajili ya alama ya shavuni, alisimama kati yao na blauzi yake nyeupe iliyopigwa pasi ikanyooka. Hakuwa na hofu. Hakuwa na chochote. Kwa miezi minane sasa moyo wake ulikuwa umekufa ganzi, naye alishauzoea.

Alipogeuka kumpisha mtu, akajigonga kwenye kifua cha Twiga.

"Umekonda, mpenzi," Twiga alisema. Urefu wake ndio uliompa jina.

"Na wewe umefupika."

Twiga alicheka. Zamani kicheko hicho kilimfanya Kidoti naye acheke, lakini leo alikisikia tu, kama anavyosikia redio ya jirani.

"Nimekupigia simu mpaka nimechoka."

"Niliziona."

Walikuwa wachumba. Jumapili moja, miezi minane nyuma, walipanda ndege moja kwa starehe, wakaibamiza wakati wa kutua, tumbo la ndege likapasuka. Hawakuumia. Ila Twiga aliandika kwenye ripoti kwamba Kidoti ndiye aliyeshika usukani, na Kidoti aliamini kabisa kwamba aliyeshika alikuwa Twiga. Akaona amesingiziwa, akavua pete.

Darasani mkuu wa mafunzo, mama wa makamo ambaye wote walimwita Shangazi, aliwaeleza kisa bila kutaja mtu.

"Walimu wawili, ndege moja. Kila mmoja anasema aliyeshika ni mwenzake; kumbe sekunde tisa za mwisho hakuna aliyeshika usukani. Kwa nini?"

Watu wakacheka. Kila mmoja wao alishawahi kuona haya kumuuliza mwalimu mwenzake, "Umeshika?"

Twiga akanyoosha mkono. "Ni mimi, Shangazi. Niliachia kwa sababu napenda kumtazama akitua. Sikumwambia. Nilidhani anajua."

Kidoti alijikuta amesimama. "Na mimi niliachia. Kutua ndiko anakokupenda kuliko vyote, nikasema moyoni acha afurahi."

"Kwa hiyo mlipendana nusura mfe," Shangazi alisema. "Kesho mtaruka pamoja. Twiga atakuwa mwanafunzi, tena mbovu. Wewe binti, ukichelewa kumpokonya usukani, cheti chako nakizuia."

Kesho yake Twiga alijikunja kwenye kiti cha mbele, Kidoti akaketi nyuma. Walipokaribia uwanja, Twiga akainua pua ya ndege kama alivyoagizwa. Upepo ukapungua kelele masikioni, mwendo ukafa. Kidoti alijiona anatazama mambo ya mtu mwingine. Miti ikakaribia.

"Nashika mimi," alisema kwa sauti kavu.

"Shika," Twiga akajibu, akainua mikono juu ionekane.

Walitua salama, na Shangazi akatia sahihi cheti cha Kidoti pale pale juu ya bawa, akaondoka kumwita mwingine. Wakabaki wawili.

"Hongera, mwalimu wangu."

"Twiga, nisikilize, usinikatize. Sina furaha ya kukuonyesha. Nimepewa cheti, na sijisikii kitu. Lakini nakutaka, na nataka unioe. Nakwambia kwa mdomo, usije ukakisia."

Twiga alivua kofia.

"Unanitaka, na nikuoe," alirudia polepole, kama mtu anayehakikisha amesikia sawasawa. "Ndiyo. Na ganzi hiyo je?"

"Sijui. Labda itakaa."

"Basi tutakaa nayo."

Kidoti aliinama kufunga zipu ya begi lake. Ikamshinda. Akajaribu tena, ikamshinda, ndipo akaona vidole vyake vinatetemeka, vyote kumi, kwa hofu ya miti ile. Akaketi nyasini, akalia, na Twiga akaketi kando yake.