Mkono Uliowasha Chemli

Soko la Kasulu lilikuwa limefurika Jumamosi ile, na Marselino alisimama katikati ya njia, kamera shingoni, taa ya chemli mkononi, akiwazuia watu kupita.

"Kaka, unauza taa au unanunua?" aliuliza msichana aliyekaa nyuma ya meza ya vitenge. Alivaa gauni la kijani la mikono mifupi, na nywele zake zilikuwa zimesukwa twende kilioni, mistari imenyooka.

"Natafuta mkono."

"Mkono?"

"Wa kuwasha taa hii. Sekunde nane tu. Ni kwa ajili ya nembo ya studio yetu, Taa ya Heru. Tunatengeneza filamu za injili."

"Nawajua. Nyie ndio wenye ule msalaba unaozunguka mwanzoni, herufi zinaruka kama kumbikumbi."

Marselino alitazama viatu vyake. Msalaba ule aliutengeneza mwenyewe, wiki ya kwanza baada ya kumaliza chuo, na siku hizo aliuona mzuri kuliko vyote. "Ndiyo maana natafuta mkono," alisema.

Tunu, muuza viungo wa meza ya jirani, alicheka huku akipima iliki. "Mpe mkono, Vestina. Namba usimpe."

Vestina alinyoosha mkono wa kulia. Kwenye kidole gumba palikuwa na kovu refu. "Niliungua na uji nikiwa mdogo. Tafuta mwingine mzuri."

"Huu huu. Watu watajua ni mkono wa mtu kweli."

Kamera iliwekwa juu ya gunia la mchele. Upepo ulizima kiberiti cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kwa kiberiti cha nne Marselino alisogea, akaukinga moto kwa kiganja chake, na utambi ukashika.

"Kiganja chako kitaonekana," Vestina alisema.

"Nitakikata kwenye kompyuta."

Alikikata kweli. Namba aliipata pia, ingawa Tunu alikohoa sana alipokuwa akiiandika.

Kwa miaka miwili mkono wa Vestina ulifungua kila filamu ya Taa ya Heru. Ulionyeshwa makanisani na mashuleni, kutoka Munanila mpaka Makere, na kila baada ya onyesho simu ililia.

"Mkono wangu umetokea leo?"

"Umetokea, kipenzi. Watoto wamepiga makofi hata filamu haijaanza."

"Kuna aliyemuulizia mwenye mkono?"

"Mmoja tu."

"Nani huyo?"

"Mimi."

"Wewe muongo," Vestina alijibu, na hakukata simu.

Kisha ikaja Jumapili ya Kibondo, walikoishi wazazi wa Vestina. Filamu mpya ilikuwa ionyeshwe ukumbini baada ya ibada. Mama yake aliwaalika majirani wote, akawapanga kwenye mabenchi ya mbele. Vestina alishonesha gauni la kitenge cha manjano kwa ajili ya siku hiyo. Madirisha yalizibwa kwa maturubai, ukumbi ukatulia, na ukutani ikatokea dunia ya dhahabu. Ilizunguka, ikapigiwa tarumbeta, njiwa akapita juu yake. Filamu ikaanza.

"Mwana wanje, mwanangu," mama alinong'ona, "mkono uko wapi?"

Majirani waligeuka kumtazama. Vestina alinyanyuka, akatoka nje na gauni lake jipya. Jioni Marselino alimpigia simu mara tisa. Vestina hakupokea.

Asichokijua Vestina ni kikao cha wazee wa kanisa lenye studio, wiki tatu nyuma. Mama Maximilla, mwenyekiti wa akina mama, alisimama na kusema, "Mkono huo unaingia nyumba za watu, na hauna pete. Kama Marselino anamtaka binti yule, amwoe, pete ionekane. Kama hamtaki, autoe."

Marselino alikuwapo kikaoni. Alishapanga kupeleka mshenga Kibondo mwaka ukianza. Sasa angeonekana anaoa kwa azimio la kikao. Akautoa mkono, akapakua dunia ya dhahabu mtandaoni. Kila usiku alikusudia kumweleza Vestina, na kila alipopiga simu alizungumzia mvua.

Jumanne alishuka Kibondo na basi la kwanza. Vestina alikuwa uani, anapukuchua maharage.

"Umekuja na dunia yako?" aliuliza bila kuinua macho.

"Nimeiacha Kasulu."

Alikaa chini, akaeleza yote, hata maneno ya Mama Maximilla. Maharage yaliendelea kudondoka kwenye ungo.

"Kwa hiyo kikao kilisema unioe, wewe ukaona bora unifute."

"Niliogopa utaniuliza, nimekuja kwa ajili yako au kwa ajili ya kikao. Ningejibu nini?"

"Ungejibu kweli, nami ningekuamini. Marselino, nembo ni yenu, badilisheni mnavyotaka. Lakini wiki tatu ulinizungumzia mvua, mimi nikawa naitikia kama mjinga."

"Nimekosa. Sina la kujitetea."

Alifungua kompyuta yake na kumwonyesha video ya siku ile sokoni, nzima, kabla hajaikata. Mkono wenye kovu, kiberiti, na pembeni kiganja cha mwanamume kikikinga moto.

Vestina alisogeza uso karibu. "Kinatetemeka."

"Nilikuwa nimekufahamu dakika ishirini."

Alijizuia kucheka, akashindwa. Marselino akaona ndiyo nafasi yake. "Nataka kuleta mshenga. Hata kama ile dunia itazunguka mpaka nizeeke."

"Pete nitaivaa," Vestina alisema taratibu, "lakini si ya kuja kurekodiwa."

"Alete mshenga Jumamosi," sauti ya mama ilitoka jikoni. "Baba yako atakuwa amesharudi kutoka Kagerankanda. Na maharage hayo yaishe."

Mwezi wa saba, mchana, ukumbi wa kanisa Kasulu ulijaa. Vestina, sasa mke wa Marselino kwa wiki tano, alikaa benchi moja na Mama Maximilla. Ukutani, badala ya dunia ya dhahabu, kiberiti kiliwaka, upepo ukakitikisa, na safari hii kiganja cha pili kiliingia kwenye picha, kinatetemeka, kikasimama mbele ya upepo mpaka utambi uliposhika.

Mama Maximilla aliinama upande wake. "Pete bado haionekani."

"Pete iko hapa, mama," Vestina alinong'ona, akampa mkono wake. "Pale ndiyo kwanza tulikuwa tunakutana."

Mama Maximilla aliushika, akaugeuza, akapitisha kidole juu ya kovu. Hakuuachia mpaka filamu ilipokwisha.