Ukuta Aliouonja Kalunde

Kitu cha kwanza kilikuwa harufu. Mvua haikuwa imenyesha upande huu wa Kitui tangu mwaka uliopita, hata mbuzi walikuwa wakila makaratasi, lakini Musembi na mkewe walipoingia ukumbi mkuukuu wa chuo, ndani kulinuka udongo uliolowa sasa hivi.

"Kwani kumenyesha huku pekee?" Kalunde akauliza, akimeza mate.

Musembi alikuwa busy kuwa tourist. Alisoma kwenye campus hii ya mlima Mutulani, iliyojengwa na wamishonari wa zamani, akatoka na B.A. History, Upper Second, mwaka ule ule serikali ilipotangaza kwamba haiajiri tena mtu. Tangu hapo degree yake ilikaa juu ya kabati ikiwa imefungwa kwa nailoni, naye akawa anapalilia ndengu za babake kama mtu ambaye hakuwahi kuona lango la shule. Kalunde aliishia darasa la nne. Mimba mbili zilikuwa zimemtoka, na hii ya tatu ilikuwa imeshika hadi sasa. Nesi alimwambia atembee kidogo. Basi mumewe akamleta aone chuo. Mtu asiye na mshahara atampa mkewe zawadi gani? Atampa historia.

Langoni, askari Ndululu alikuwa amemkagua kuanzia viatuni.

"Asi! Graduate! Umerudi kufundisha?"

"Nimerudi kutembea, mzee."

"Karibu basi, mgeni. Wageni wanaona kanisa na mabweni. Ukumbi wa zamani, hapana. Mimi mwenyewe siingii mle mchana."

"Mchana? Na usiku?"

"Usiku wamelala."

Naye Musembi, kwa kile kiburi cha karatasi yake, akaanzia ukumbini.

Ulikuwa mtupu. Madawati yaligeuzwa kuni za jikoni zamani, yeye akiwa bado mtoto. Zilibaki kuta nene za udongo mweupe. Akasimama mbele, akavuta suruali juu, akaigiza maprofesa waliokuwa wakiongea kwa pua.

"Good afternoon, class. Today we begin..."

Akasikia kitu kikivunjika kati ya meno.

Kalunde alikuwa amebandua kipande cha ukuta, kikubwa kama andazi, na alikuwa akikitafuna macho yakiwa yamefumba.

"We Kalunde! Huo ni ukuta!"

"Ni mtamu kushinda yale mawe laini ya soko la Tulia. Sio mimi, ni mtoto anataka."

Musembi akacheka. Hakuna mke mjamzito huku asiyekula jiwe au udongo. Ndipo nyuma yao, kule kwenye sakafu tupu, mtu akakohoa kikohozi kidogo kikavu cha subira, kama mwanafunzi aliyeinua mkono na mwalimu hajamwona. Wakatoka bila kutazamana.

Nyumbani Kalunde akaacha ugali, akaacha maziwa. Mate yake yakawa meupe kama maji ya chaki. Mtoto alitulia asubuhi nzima kama aliyekufa, lakini jua likisimama utosini tumbo lilianza kukwaruza, si kupiga teke, kukwaruza, kama kitu cha mbao kinavutwa sakafuni, na harufu ya udongo uliolowa ikajaa nyumba hadi kuku wakakimbia uani, na Kalunde akawa anakaa kitako wima kabisa, mikono juu ya mapaja, akiangalia mbele kama anayesubiri mlango ufunguliwe, na ukimwita anakutazama kwa macho ambayo yamekuona, yakakupima, yakakuona si wewe wanayemngoja.

Akina mama wa kanisa walikuja kuomba. Walipomaliza, Kalunde akaitikia "Amen" kwa sauti nyingi kwa pamoja, za wanaume. Hawakurudi.

Akabaki susu Kaluki, nyanya yake Musembi, mpigaji wa kilumi, ile ngoma ambayo pepo huitwa nayo, wakaulizwa wanachotaka, wakapewa, wakaenda. Kaluki akapiga mchana ule ule wa jua kali hadi Kalunde akafungua mdomo.

"Where is our lecturer?" Sauti nzito ya mwanaume, ya mtu aliyesoma.

Mikono ya Kaluki ikasimama. "Musembi, tafsiri. Si ndiyo ulisomea?"

"Wanauliza mwalimu wao yuko wapi."

"Waambie watoke kwa mtoto."

Akawaambia. Jibu likaja polepole, na Musembi akalitoa kwa Kiswahili. "Wanasema hawatoki, susu. Ukuta ule ni nyumba yao, na sasa mifupa ya mtoto imejengwa nao."

"Waulize, ili aishi, wanataka nini?"

Kalunde akageuza kichwa, akamtazama mumewe moja kwa moja, mke ambaye hajui hata kuomba maji kwa Kiingereza.

"You said, today we begin."

Kaluki akaweka ngoma chini. "Hiyo sitaki hata utafsiri. Mjukuu wangu, umeajiriwa."

Ndiyo kazi aliyoipata B.A. wetu. Kila mchana alipanda mlima, Ndululu akamfungulia bila neno, akaifundisha sakafu tupu kila alichokijua. Na Kalunde akapona. Akazaa mvua ilipoanza, mvulana mnene, wakamwita Muli. Viganja vyake vilikuwa vyeupe hata vikioshwa, lakini alinyonya, akalia, akaishi. Musembi akajiambia deni limelipwa.

Kisha rafiki yake Kilonzo akaleta habari. "Boss, secondary moja kule Kathonzweni inatafuta mwalimu wa History. Kazi ya ukweli, na mshahara!"

Siku moja tu, Musembi akawaza. Mchana mmoja watanisamehe.

Akaenda. Aliporudi jioni, akiwa bado barabarani, alisikia mayowe ya Kalunde. Muli alikuwa amekauka kama ubao, mdomo umejazwa udongo mweupe, umeshindiliwa vizuri, kama fundi anavyoziba tundu la ukuta. Musembi alikimbia hadi mlimani, akafundisha akilia, bila kujua anasema nini, hadi sauti ikakatika. Aliposhuka, mtoto alikuwa anapumua. Ile kazi ya Kathonzweni ilipewa mtu mwingine. Wacha iende.

Kesho yake alifika mapema, shati limepigwa pasi. Akasimama mbele ya ule ukumbi uliooga jua.

"Good afternoon, class."

Siku zote kulikuwa na kimya tu, na kile kikohozi. Leo madawati yakakwaruza sakafu, yale madawati yaliyochomwa zamani, na darasa zima likasimama.

"Good afternoon, sir."

Na baada ya wote, kutoka mstari wa mbele, karibu na magoti yake, ikaja sauti moja iliyochelewa, ndogo, yenye mate, ya kinywa kisicho na meno.

"Good afternoon, sir."

Nyumbani, Muli alikuwa bado hajajua kusema mama.