Vyuma Viwili Ndani ya Dafu

Kila asubuhi Moyna alipiga pampu ya uani mpaka ndoo ikajaa, kisha akamchotea bibi yake kikombe cha kwanza. Maji yalikuwa maangavu, baridi, hayana harufu. Lakini mdomo wa pampu ulipakwa rangi nyekundu na watu wa afya, na katika vijiji vile vya Bangladeshi hata mtoto alijua maana yake: aseniki, sumu isiyoonekana wala kuonjeka. Pampu ya kijani, yenye maji salama, ilikuwa mbali, ng'ambo ya mashamba ya juti. Basi nyumba nzima ikaendelea kunywa, na viganja vya Bibi Sokhina vikazidi kuota vinundu vigumu kama changarawe.

Siku moja akaja Lokman, mchuuzi wa mashine za kuchuja maji, shati lake limepigwa pasi. Akapewa dafu, kama mgeni yeyote. Akanywa nusu, akaliweka chini, akapanga glasi mbili: moja ya maji ya pampu, moja ya maji ya mashine yake. Katika kila moja akachovya vyuma viwili vilivyofungwa kwenye betri. Maji ya pampu yakachafuka, yakawa kahawia kama ya mtaroni. Ya mashine yakabaki safi.

"Mmeiona sumu?" akasema Lokman. "Kaka Motaleb, hiyo ndiyo unayomnywesha mama yako!"

Majirani waliokusanyika wakaguna. Walichoka kuogopa kitu kisichoonekana. Sasa wamekiona, nusura wafurahi. Motaleb, baba yake Moyna, akainuka. Alikwenda zizini, akarudi na ng'ombe wao wa pekee, kamba mkononi. Lokman alikuwa tayari kumchukua kama malipo ya mashine.

"Motaleb, simama hapo!" Bibi Sokhina akafoka. "Nilipokuwa mwali walikuja wengine wenye mashati ya pasi. Acheni maji ya bwawa, wakasema, kunyweni ya pampu. Tukawapigia makofi. Itazame mikono yangu! Nani kati yao alirudi hata kutupa pole?"

"Mama, hayo ni ya zamani."

"Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka."

Moyna alikuwa amechuchumaa kando ya glasi. Chuma kimoja kilikuwa kimelika, kana kwamba kimelala mvuani mwaka mzima. Je, uchafu ule ulitoka majini, au ulitoka kwenye chuma?

"Mjomba," akamwambia Lokman, "chovya kwenye dafu lako."

"Dafu la nini tena? Dafu halina sumu."

"Ndiyo maana nataka uchovye."

"Mfundishe mwanao adabu, kaka!"

"Chovya, bwana," jirani mmoja akacheka. "Au unaliogopa dafu?"

Bibi Sokhina hakungoja. Alimimina dafu glasini, akatumbukiza vyuma mwenyewe. Punde maji ya dafu yakawa tope.

"Ehe!" akasema. "Na wewe umeshakunywa nusu. Tukuchimbie kaburi?"

Uani pakalipuka kwa kicheko. Lokman alikusanya vyombo vyake bila kuaga. Motaleb akamrudisha ng'ombe, uso chini.

Lakini Moyna hakucheka. Mchuuzi ameondoka, mdomo wa pampu bado ni mwekundu. Kesho yake akamleta Rehana, mhudumu wa afya.

"Wewe nawe unauza nini?" Bibi akamuuliza mlangoni.

"Siuzi kitu, bibi. Nimekuja kupima."

Rehana akatia maji ya pampu kwenye chupa ndogo yenye dawa, akaziba mdomo kwa karatasi nyeupe. Walipongoja, karatasi ikageuka njano, kisha hudhurungi.

"Hiki ndicho kipimo cha aseniki," akasema. "Vyuma vya yule vilikuwa vinaota kutu tu. Umeme wa betri huvilisha kutu penye chumvichumvi, na mashine yake ilikuwa imeziondoa majini."

Akawaeleza juu ya chujio la ndoo mbili: mchanga uliooshwa, vipande vya chuma vilivyotayarishwa kwa kazi hiyo, mkaa, na matofali yaliyopondwa.

"Tutajuaje kwamba linafaa?" akauliza Bibi.

"Usiniamini mimi. Pima linachotoa."

Motaleb akajenga kichanja imara, Moyna akaosha mchanga mpaka mikono ikakunjamana. Wakapanga ndoo, moja juu ya nyingine. Maji ya mwanzo wakayamwaga, ndipo wakapima kwa chupa ya Rehana. Karatasi ikabaki nyeupe.

"Rudia," akasema Bibi.

Motaleb akarudia. Nyeupe. Hapo tu Bibi Sokhina akanyoosha mkono, akanywa.

"Tutapima tena na tena," Rehana akawakumbusha. "Chujio nalo huchoka."

Bibi akamvuta Moyna karibu. "Mjukuu wangu, nisikilize. Baba yako alimwamini mtu bila kupima. Mimi sikumwamini yeyote, nami sikupima. Nikabaki kukasirika huku nikinywa sumu ileile. Sote wawili tulikosea. Anayekuletea kitu mwulize mbele ya watu, umpime papo hapo. Mkweli atakushikia chupa. Mwongo, mwachie njia apite."