Najua na Mlima wa Jibini

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali, kamba zote za uani kwa mama dobi zilijaa vitambaa vya meza. Vilikuwa vyeupe, vizito na virefu, na vyote vilitoka mahali pamoja: mkahawa wa Kiitaliano uliokuwa kilimani, wenye milango ya vioo na maua kwenye kila dirisha. Mama dobi alivichukua vikiwa vichafu kupitia mlango wa nyuma, na kupitia mlango huohuo alivirudisha vikiwa safi. Binti yake, aliyekuwa darasa la sita, alimsaidia kuvibeba.

Shuleni binti huyo aliitwa Najua. Jina hilo alipewa na wenzake, na hakuna aliyehitaji kuelezwa sababu yake. Mwalimu alipoanza kuuliza swali, yeye alipaza sauti, "Najua!" kabla swali halijafika mwisho. Ukimwambia kwamba kamba ya kiatu chake imefunguka, alijibu, "Najua," kisha akajikwaa.

Jumamosi moja mama alitandaza kitambaa juu ya meza ya kufulia, akamwonyesha doa la kijani lenye ukubwa wa kifungo cha shati.

"Huu ni mchuzi wao wa kijani," alisema. "Una mafuta mengi. Sasa, kabla hujagusa maji, kwanza..."

"Najua, mama."

"Unajua nini, nami sijamaliza kusema?"

"Najua kufua, mama. Mimi nimekulia kwenye povu."

Mama alicheka, akaenda kuangalia pasi yake. Najua akamwaga maji, akapaka sabuni, akasugua kwa nguvu zake zote. Aliposimama kufuta jasho, aliona kwamba doa limenenepa. Kilichokuwa kifungo sasa kilikuwa sahani. Alikikunja kitambaa upesi na kukisukuma chini ya kapu kubwa.

Wakati huo aliingia rafiki yake wa chanda na pete, ambaye wote walimwita Kicheko kwa sababu alicheka hata alipokuwa akikemewa.

"Kesho Bibi anatimiza miaka sabini," alisema Kicheko huku akihema. "Anataka kula kule kilimani. Jumapili wana mlo mkubwa unaoanza asubuhi na kuishia mchana. Ila sisi hatujawahi kukanyaga mle. Wewe si ulituambia darasani kwamba umeingia mara nyingi?"

Najua alimeza mate. Ni kweli alikuwa ameingia mara nyingi. Alikuwa ameingia hadi kwenye stoo ya vitambaa.

"Mle ni kama nyumbani," alijibu.

"Basi wewe ndiwe kiongozi wetu. Bibi anaogopa kitu kimoja tu. Unaikumbuka ile siku alipokula korosho?"

Najua aliikumbuka. Midomo ya Bibi ilivimba, pumzi zikambana, na hiyo ndiyo siku pekee ambayo Kicheko hakucheka.

"Daktari alisema kwamba ikitokea tena, huenda tusiwahi kufika hospitali," aliendelea Kicheko. "Kwa hiyo uwe macho na kila kinacholetwa mezani."

"Niachie mimi," alisema Najua. "Najua."

Kesho yake waliingia kupitia mlango wa mbele. Bibi alikuwa amevaa gauni la zambarau na viatu vilivyomkaba. Kabla ya kustaafu alikuwa mwalimu wa udereva, na mpaka leo alisema na watu kana kwamba dunia nzima imeshika usukani.

"Punguza mwendo, mjukuu wangu," alimwambia Kicheko, aliyekuwa akiteleza kwenye sakafu inayong'aa. "Tazama kushoto. Tazama kulia. Haya, ingia."

Walikaa karibu na dirisha. Najua alikichukua kitambaa kidogo kilichokunjwa kama ua, akakikung'uta, akakitandaza mapajani. Hilo alilijua kwa hakika, maana vitambaa hivyo alivipiga pasi mwenyewe. Bibi na Kicheko wakamwiga kwa heshima, na Najua akajiona amefaulu mtihani wote.

Katikati ya meza palikuwa na gilasi iliyojaa vijiti vyembamba vya rangi ya hudhurungi, kila kimoja kirefu kama rula.

"Hivi navyo ni vya nini?" aliuliza Bibi.

Najua hakuwahi kuviona. "Ni vya kuchokonolea meno, Bibi."

Bibi alichomoa kimoja, akakipima kwa macho. "Meno ya nani? Ya ngamia?"

Kicheko alijiziba mdomo. Kwenye meza ya jirani, mzee mmoja mwenye tai alichukua kijiti chake, akakitafuna chote hadi mwisho, akachukua kingine.

"Yule anakula vya kuchokonolea meno!" alinong'ona Kicheko.

"Wengine hawana adabu," alijibu Najua bila kupepesa macho.

Karibu na gilasi palikuwa na kisahani cha mafuta ya zeituni na vipande vya mkate. Bibi alipouliza, Najua alieleza kwamba mkate ni wa kula na mafuta ni ya kupaka mikononi ili ngozi ilainike kabla ya chakula. Bibi alifurahi sana. Alipaka viganja, akapaka vifundo, na kwa kuwa mafuta yalikuwa bado yamebaki, akapaka na viwiko.

"Viwiko vyangu vimesubiri siku hii kwa muda mrefu," alisema. Kisha akajaribu kushika gilasi ya maji, nayo ikamchomoka kama samaki. "Lo! Hapa hapana msuguano kabisa. Kicheko, nipeleke nikanawe kabla sijasababisha ajali."

Wakaondoka, na Najua akabaki peke yake mezani. Ndipo alipokuja mhudumu, kijana mrefu mwenye shati jeupe.

"Karibuni sana," alisema. "Leo tuna tambi kwa mchuzi mwekundu, mweupe au wa kijani. Kabla hujachagua, je, mezani kwenu kuna mtu yeyote asiyepatana na chakula fulani?"

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Lakini mhudumu alikuwa amesimama wima, akimtazama Najua kama mtu mzima, naye Najua alidhani kwamba mgeni wa kweli hasemi mambo ya kuvimba midomo.

"Hakuna shida," alijibu. "Sisi twavijua vyakula vyenu vyote. Mwekundu kwangu, mweupe kwa rafiki yangu, na wa kijani kwa Bibi. Anapenda mboga."

Bibi aliporudi na viwiko vikavu, chakula nacho kilikuwa kinafika. Sahani ya Najua ilitangulia. Nyuma yake alikuja mhudumu na kipande kikubwa cha jibini mkono mmoja, na kikwaruzo mkono wa pili. Aliinama kidogo, akatabasamu, akaanza kukwaruza. Jibini likadondoka juu ya tambi kama vumbi la mbao.

Sasa, katika mkahawa ule palikuwa na kanuni moja: mhudumu hukwaruza jibini mpaka mgeni aseme inatosha. Kuacha kabla ya hapo ilikuwa ni kumkosea mgeni heshima. Najua hakuijua kanuni hiyo. Yeye alidhani kwamba mhudumu ndiye ajuaye kipimo, na kwamba kumkatisha ni ushamba. Kwa hiyo alikaa kimya, shingo imenyooka, akimtazama mhudumu. Mhudumu naye akamtazama yeye, akaendelea kukwaruza.

Mchuzi mwekundu ukafunikwa. Tambi zikatoweka. Kilima kikainuka, kikawa mlima. Jasho likaanza kumtoka mhudumu kipajini. Alibadilisha mkono. Jibini likafurika ukingoni mwa sahani, likatapakaa juu ya kitambaa cha meza, na Najua bado alitabasamu kistaarabu. Kipande kilipokwisha, mhudumu aligeuka akamwambia mwenzake kwa sauti ya kukata tamaa, "Niletee kingine."

"Kijana!" alinguruma Bibi. "Funga breki!"

Mhudumu alisimama papo hapo. "Asante, mama," alisema, na asante hiyo ilitoka moyoni. Kicheko alikuwa ameshaanguka chini ya meza. Kilichoonekana ni kitambaa kikitikisika.

"Hivi ndivyo wanavyokula?" Bibi alimwuliza Najua.

"Ndiyo, Bibi," alisema Najua kutoka nyuma ya mlima. "Najua."

Sahani nyingine mbili zikawekwa. Tambi za Bibi ziling'aa kwa mchuzi wa kijani.

"Rangi nzuri," alisema Bibi. "Mna nini humu? Unajua mambo yangu na korosho."

"Ni mboga za majani tu," alijibu Najua haraka. Kisha akautazama mchuzi huo vizuri. Ulikuwa mchuzi uleule wa kitambaa kilichofichwa chini ya kapu. Alilijua doa lake. Kilichomo ndani hakukijua kabisa.

Bibi alizungusha uma, akauinua. Tambi zikateleza, zikarudi sahanini. Najua akapumua. Bibi akazungusha tena, akauinua juu zaidi. Tambi zikaning'inia, zikasitasita mbele ya kidevu chake, zikaanguka.

"Gari hili halina gia," alinung'unika Bibi. Safari hii aliusaidia uma kwa kijiko, akakaza, akafungua mdomo. Tambi zilikuwa zimetulia. Zilikuwa zinapanda.

Najua aliwaza kwamba akisema, Kicheko atamcheka darasani mwaka mzima. Kisha akaiona tena ile midomo iliyovimba.

"Bibi, usile!" alipiga kelele akisimama. "Sijui!"

Mkahawa mzima ukageuka kumtazama. Mzee mwenye tai alibaki na kijiti nusu mdomoni. Bibi alikuwa ameganda, uma hewani.

"Hujui nini?" aliuliza.

"Sijui chochote!" Machozi yalimtoka Najua. "Sijui mna nini kwenye mchuzi. Sijui vijiti ni vya nini, wala mafuta. Sijawahi kula humu. Mama yangu hufua vitambaa vya hapa, nami huishia stoo. Mhudumu aliuliza kama kuna asiyepatana na chakula fulani, nikasema hakuna. Nilitaka mnione najua."

Bibi aliuweka uma chini taratibu. Mhudumu aliichukua sahani, akakimbilia jikoni. Aliporudi, rangi ilikuwa imempotea usoni.

"Mpishi anasema mchuzi wa kijani husagwa pamoja na korosho," alisema. "Nyingi."

Kicheko alitoka chini ya meza. Hakucheka. Alimshika bibi yake mkono.

"Kaa chini, mjukuu wangu," Bibi alimwambia Najua. Sauti yake haikuwa ya ukali. "Nimefundisha watu udereva maisha yangu yote. Yule aliyeniambia, 'Mwalimu, sioni breki iko wapi,' sikumwogopa hata siku moja. Nilimwonyesha, tukaenda. Niliyemwogopa ni yule aliyetikisa kichwa na kusema, 'Naijua,' kisha akaukumbatia ukuta wa benki nami nikiwa ndani ya gari. Neno 'sijui' ni breki, mwanangu. Leo umeikanyaga kwa kuchelewa, lakini umeikanyaga, na ndiyo maana bado nina midomo ya kukukemea nayo. Siku nyingine ikanyage mapema."

"Nisamehe, Bibi."

"Nimekusamehe. Kijana, hebu tueleze vijiti hivi ni vya nini."

"Ni mkate mkavu, mama. Hutafunwa."

Bibi alimgeukia yule mzee mwenye tai. "Baba, samahani. Tulikusingizia utovu wa adabu." Mzee hakuelewa, lakini alikubali samahani hiyo kwa kuinua kijiti chake. Hapo Kicheko akashindwa kujizuia, akacheka mpaka wageni wote wakacheka. Bibi akaletewa tambi za mchuzi mwekundu kwenye sahani mpya, baada ya yeye mwenyewe kuuliza kila kilichomo, hadi chumvi. Jibini hawakuhitaji kuletewa. Walichota kutoka mlimani kwa Najua, na mlima ukabaki.

Jumatatu jioni vitambaa vilifika kwa mama dobi. Alipokunjua cha kwanza, unga wa jibini ulimwagika miguuni pake.

"Jamani! Nani aliyekula na koleo?"

"Ni mimi, mama," alisema Najua, akamsimulia yote bila kuruka kitu. Kisha akainama, akakitoa kile kitambaa chini ya kapu. "Na hiki nilikiharibu mimi Jumamosi. Sijui kukisafisha. Nionyeshe."

Mama alimwekea kiganja kwenye paji la uso kupima kama ana homa. Alipoona yu mzima, alichukua unga kidogo, akaunyunyiza juu ya doa kavu.

"Unga kwanza, unyonye mafuta. Unausubiri, unaupangusa. Ndipo unapaka sabuni. Na maji..."

"Naj..." alianza Najua, akafunga mdomo, akavuta pumzi. "Na maji lini, mama?"

"Maji ni mwisho," alisema mama akitabasamu. "Mimi nami niliuliza mara nyingi kabla sijajua, na sikupungukiwa na kitu. Sogea karibu, uone vizuri."

Najua akasogea. Walirudia kazi hiyo mpaka sahani ikawa kifungo tena, na kifungo kikafifia, na kitambaa kikaning'inia kambani kikiwa cheupe pe.