Laini Inayoshika Jikoni kwa Kabugho

"Mama Kiiza, simu ikiwa imewashwa, na chaji imejaa, halafu isilie, kosa ni la nani?"

Jirani yangu Kabugho aliniuliza hivyo Jumanne moja asubuhi. Nilikuwa nachambua maharage mlangoni. Yeye alikuwa amebeba beseni la nyanya kichwani. Harufu ya nyanya ilinifikia kabla hajalitua. Nyanya zilikuwa zimeiva kupita kiasi. Nyingine zilikuwa zimepasuka.

"Hizi sasa ni za nguruwe," alisema. "Wewe uko na nguruwe. Chukua."

Nilimwambia akae kwanza.

Kabugho anaishi juu kidogo ya Bwera, mji wetu wa Uganda ulio mpakani, kwenye mteremko unaotazama Kongo. Ukisimama jikoni kwake unaona mto Lhubiriha kule chini. Ng'ambo ya mto unaona mabati ya nyumba za Wakongo. Mume wake, Semu, analima mpunga Mubuku, kwenye shamba la kukodi. Anakuja nyumbani kazi ikipungua. Siku nyingine zote Kabugho yuko na binti yao Evas, na bustani ya nyanya.

Nyanya hizo ndizo zinazomsomesha Evas. Mnunuzi ni mmoja tu, Muhamood, mwenye lori linalokwenda Kasese. Jioni kabla ya siku ya soko, Muhamood anampigia simu kila mkulima. Anasema anataka makreti mangapi. Hapo ndipo mkulima anachuma. Ukichuma bila simu, nyanya zinaweza kukuozea. Usipochuma, lori linapita.

"Jana sikupata simu," Kabugho alisema. "Na soko la Ijumaa pia sikupata. Hizi nilichuma kwa kukisia. Leo lori limesimama kwa wenzangu. Kwangu limepita kama halinijui."

"Umemuuliza mwenyewe?"

"Naogopa."

"Twende wote," nilisema. "Ukimwogopa mtu hutapata jibu."

Tulimkuta Muhamood sokoni, anafunga turubai la lori.

"Bwana Muhamood, nimekukosea nini?" Kabugho aliuliza.

"Mimi ndiye nikuulize wewe! Nimepiga mpaka kidole kinauma. Yule mwanamke wa ndani ya simu ananiambia haupatikani. Sasa sauti yake naijua kuliko ya mke wangu."

Wapakiaji walicheka. Kabugho hakucheka.

"Simu yangu iko. Sijaizima hata siku moja."

"Iko wapi, mama? Mfukoni iko, lakini kwangu haiko." Muhamood alishuka chini, akaongea polepole. "Sikia. Nyanya zako ni nzuri, sisemi uongo. Lakini siwezi kupanga gari kwa kukisia. Kuna mama mmoja Kinyamaseke, kila siku ananiomba nimchukulie. Alhamisi jioni nitakupigia tena. Nikikukosa, nafasi yako nampa yeye. Usinichukie."

Tulitembea mpaka kwenye kibanda cha Asmah, binti anayeuza laini na salio karibu na soko. Anauza laini za mitandao yote miwili, Tausi na Kengele.

"Asmah, nipe laini mpya," Kabugho alisema. "Yoyote. Hii ya Tausi imenichosha."

Mimi nilitazama mikono ya Asmah. Nilidhani itakwenda haraka kwenye sanduku la laini. Haikwenda.

"Karibuni, mama zangu," alisema. "Kwanza niambie. Unapika wapi? Unalala wapi? Shamba liko upande gani?"

"Unataka kuniposa?" Kabugho aliuliza.

"Nataka kujua simu yako inakaa wapi saa watu wanapokupigia."

Kabugho alimweleza. Asmah akaiomba simu, akaitazama, kisha akatuonyesha jina lililoandikwa juu ya kioo. Halikuwa Tausi.

"Huu ni mtandao wa Kongo," alisema. "Simu yako imevuka mpaka, wewe umebaki Uganda."

"Mimi sijaigusa!"

"Haihitaji kuguswa. Simu haijui mpaka. Haioni mto, haioni askari wa forodha. Inatafuta mnara wenye nguvu. Kama mnara wa Tausi uko mbali, na wa Kongo uko karibu, inashika wa Kongo. Na ukiwa kwenye mtandao wa Kongo, hata kupokea simu unalipia. Salio likiisha, anayekupigia anaambiwa haupatikani."

Kabugho alijipiga paja. "Ndiyo maana salio linaisha na sijapiga! Na zile meseji za Kifaransa?"

"Wanakukaribisha kwao."

"Yesu wangu! Semu alizikuta, akaniuliza huyu Mkongo anayenibembeleza ni nani. Tulinuniana siku nzima. Nami nilizifuta zote."

Tulicheka, na Asmah akacheka mpaka akashika meza. Kisha alifungua mipangilio ya simu. Alituonyesha mahali ambapo simu huchagua mtandao yenyewe. Akaibadilisha, ili Kabugho achague mwenyewe. Akachagua Tausi. Jina la Kongo likaondoka.

"Kumbe imepona!" Kabugho alisema.

"Bado. Nimeizuia isivuke, lakini siwezi kuusogeza mnara. Hapa sokoni Tausi inashika kidogo. Kule juu kwako sijui. Inawezekana ukakosa mtandao kabisa."

"Basi niuzie Kengele."

"Nayo sijui kama inashika kwako. Nikikuuzia leo, na jikoni kwako haishiki, Ijumaa utakuja kunitukana mbele ya watu. Nani jirani yako ana laini ya Kengele?"

Niliinua mkono kama mtoto wa shule.

"Vizuri. Mama, mwazime simu yako kesho. Mtembee na simu mbili, hii na hiyo. Jikoni, chumbani, bustanini. Msitazame ile mistari ya mtandao tu, inadanganya. Pigeni simu, muongee, msikie kama sauti inakatika. Na mjaribu jioni, saa ile ile ambayo mnunuzi anapiga. Jioni watu wengi wako kwenye simu. Mtandao unaoshika vizuri asubuhi unaweza kulemewa jioni. Mkimaliza, mje mniambie. Ndipo nitauza."

Tuliondoka bila kununua kitu. Nilimtazama binti huyo tena nilipokuwa naondoka. Hakupata faida kwetu siku hiyo, na hakununa. Alikuwa ameshageukia mteja mwingine, anamuuliza anapika wapi. Nilimshukuru Mungu moyoni. Anawaweka watu wa namna hii hata sokoni, wala hawatangazi.

Jumatano jioni tulijaribu. Kabugho alifanya kazi hiyo kama mtu anayepima kiwanja. Alianza jikoni. Simu yake ya Tausi haikuwa na mtandao hata kidogo. Alipanda juu kwenye migomba, ndipo ikashika, sauti ikaja inakatika. Kisha alichukua simu yangu ya Kengele, akampigia dada yake Ronah aliye Bwesumbu, milimani.

"Unanisikia?" aliuliza akiwa jikoni.

"Nakusikia. Kuna nini? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Napima mtandao. Subiri niingie chumbani."

"Kabugho, umekuwa mwendawazimu?"

"Unanisikia bado?"

"Nakusikia, mwendawazimu."

Alitembea bustani yote namna hiyo, Ronah akilalamika sikioni mwake. Kengele ilishika jikoni. Ilishika chumbani na katikati ya nyanya. Kule chini, tunakochota maji, ilikufa.

Alhamisi asubuhi tulirudi kwa Asmah, na Kabugho akamweleza yote.

"Hakuna laini inayoshika kila mahali," Asmah alisema. "Anayekuambia ipo, anakuuzia maneno. Wewe unataka inayoshika pale unapokaa. Sasa tuangalie vifurushi. Unampigia nani?"

"Muhamood. Ronah. Semu. Mara moja moja tu. Zaidi mimi ndiye napigiwa. Lakini Tausi wanatoa dakika nyingi kwa pesa kidogo. Semu ananiambia kila siku."

"Ni kweli, wanatoa nyingi. Lakini zinakufa usiku wa manane. Na ni za kupiga Tausi kwa Tausi. Muhamood ana laini gani?"

"Kengele."

"Basi dakika hizo hazimfikii. Kengele wanatoa chache, lakini zinakaa mwezi mzima, na unapiga mtandao wowote. Mtu wa kuongea kutwa, kama vijana wa hapa, Tausi inamfaa. Wewe unaongea kidogo. Unanunua dakika nyingi, unalala, wao wanazichukua. Usiulize ni nyingi kiasi gani. Uliza utatumia ngapi kabla hazijafa."

Kabugho alifikiri. Mimi pia nilifikiri, maana dakika zangu nyingi zimekufa nikiwa usingizini.

"Nipe Kengele," alisema. "Na hii ya Tausi niitupe?"

"Usitupe! Namba hiyo iko kwa watu wako, na pesa zako za simu ziko humo." Asmah alifungua mgongo wa simu, akatuonyesha tundu la pili. Lilikuwa tupu. "Simu hii inabeba laini mbili. Waachie watu wazoee namba mpya. Na hii ya zamani uitumie mara moja moja. Laini isipotumika muda mrefu wanaifunga, na namba anaweza kupewa mtu mwingine."

Kabugho alitoa kitambulisho chake cha taifa. Aliweka kidole kwenye mashine ndogo, laini ikaandikwa kwa jina lake.

"Kijana wa njiani alitaka kuniandikia kwa kitambulisho chake, nisipange foleni," alisema.

"Ungekuwa umenunua laini yake, si yako. Siku ikipotea, ni yeye atakayepewa tena. Na namba ya siri ya pesa, usimpe mtu. Hata mimi. Nikikuuliza, nikimbie."

Hapo hapo kibandani, Kabugho alimpigia Muhamood akampa namba mpya. Muhamood alijibu kwa ufupi, "Haya. Jioni tutaona kama ni kweli."

Mchana huo Semu alifika kutoka Mubuku na gunia la mchele. Nami nilikuwa jikoni kwao, namsaidia Kabugho kumenya mihogo. Semu alipoona jina la Kengele kwenye simu ya mke wake, uso ulibadilika.

"Mama Evas, umebadilisha laini bila kuniuliza?"

"Nimeongeza, afande. Sijabadilisha."

"Usiniite afande. Tausi ina shida gani? Mubuku watu wote ni Tausi. Inashika mpaka ndani ya mfereji wa maji! Kasese mjini inashika. Dakika nyingi, bei ndogo. Nani amekudanganya?"

"Mubuku inashika, nakubali," Kabugho alisema. Hakupandisha sauti. "Lakini mimi silali Mubuku."

"Wewe hupokei simu, hilo ndilo tatizo. Nakupigia haupatikani. Mnunuzi anapiga haupatikani. Sasa unasingizia laini."

"Baba Evas, toa simu yako. Itazame."

Semu aliitoa mfukoni, akaitazama. Ililia mlio mfupi wa meseji. Alisoma, kisha akaitazama tena. Nilikuwa karibu, nikaona ni Kifaransa.

"Huyo Mkongo anayekubembeleza ni nani?" Kabugho aliuliza.

Niliinamia mihogo yangu ili wasione ninavyocheka.

"Ni kwa sababu ya mawingu," Semu alisema. "Mvua inakuja. Kesho ninarudisha hiyo laini kwa huyo aliyekuuzia. Muhamood mwenyewe hatapiga. Ameshachoka na sisi."

Kabugho alifuta mikono, akaiweka simu juu ya meza, karibu na chumvi. Mvua ilianza kupiga mabati. Jioni ilisogea. Evas alirudi kutoka shule, akaambiwa akae kimya, akakaa. Semu alisimama mlangoni na simu yake mkononi. Kabugho alikuwa anakoroga sufuria ambayo haikuhitaji kukorogwa. Nilimwona midomo inacheza. Nilijua anaomba, nami nikaomba naye kimyakimya.

Mvua ikakatika. Simu juu ya meza ikalia.

Kabugho aliichukua kwa mikono miwili.

"Haloo?"

"Mama! Leo yule mwanamke hayupo!" Sauti ya Muhamood ilijaa jikoni, kila mtu aliisikia. "Nyanya zipo?"

"Zipo, Bwana Muhamood. Nyekundu, ngumu, nzuri."

"Yule wa Kinyamaseke nimwambie asubiri. Kasese kuna harusi mbili, wanataka nyingi. Utanipa makreti sita?"

Kabugho alikuwa hajawahi kuuza sita. Alitazama nje. Jua lilikuwa limebaki kidogo juu ya milima ya Kongo.

"Nitakupa sita."

"Alfajiri niko barabarani kwako. Usiniangushe."

"Sikuangushi."

Alikata simu. Alichukua beseni kubwa ukutani, akajifunga kitambaa kichwani. Makreti sita ni kazi ya watu wawili mpaka giza.

Semu alitazama simu iliyokuwa mkononi mwake. Aliiweka mezani. Kisha alimfuata mke wake, akalichukua lile beseni mikononi mwake taratibu, akavua viatu vyake vya mjini, akatoka kwenda kwenye nyanya.