Dada Yangu Alisema Yuko Uarabuni, Kumbe Yuko Juja!

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, mzaliwa wa Bungoma, na ninaishi kwenye chumba kimoja hapa Kiuu, Ruiru. Sijawahi kuzaa. Lakini ninalea watoto wawili... na njia ya kutoka siioni.

Aliyenileta huku ni dada yangu mkubwa, Nafula. Nyumbani miwa ilikuwa imekosa soko, baba amelala mgonjwa, na Nafula ndiye aliyenitafutia kibarua kwenye kiwanda cha juisi Thika. Alinipokea, akanilisha, akanionyesha mji. Mtu kama huyo ningemnyima nini?

Kwa hivyo mumewe alipomtoroka, naye dada akapata kazi ya nyumba Uarabuni, aliniomba nikae na watoto wake kwa muda tu. Sheila alikuwa ameanza shule juzi juzi. Ian alikuwa hata hajajua kutembea vizuri. Nilikubali siku hiyo hiyo. Tulilia sana tukiagana.

Mwanzoni alikuwa akipiga simu kila Jumapili. Baadaye zikawa ni sauti fupi fupi za WhatsApp... mwajiri ni mkali, mkataba umeongezwa, tuzidi kumwombea. Na kweli nilimwombea! Nilifunga na kukesha kwa ajili yake!

Wakati huo nilikuwa na mchumba, Kamau, fundi wa magari hapo Thika. Tulikuwa tumepanga aende kwetu kuwaona wazazi. Akangoja, akangoja, mwisho akachoka. Hakunitukana.

"Nekesa, mimi nilikutaka wewe," aliniambia. "Lakini kila nikiuliza tunaoana lini, unaniambia mpaka dada arudi."

 Sasa ana mke na mtoto.

Halafu Ian akaanza kusumbuliwa na kifua. Nikakosa kazini mara nyingi mpaka msimamizi akaniambia nisirudi tena. Nikaanza kufulia watu nguo hapa kwenye ploti tunayopanga. Nikifikiria kurudi Bungoma, je, Sheila aache shule? Nikibaki, nitabaki mpaka lini?

Siku moja mama mmoja wa kanisa letu aliniomba nimsaidie kumhamisha binti yake, mwanafunzi wa chuo kikuu huko Juja, mji jirani tu na Ruiru. Tulikuwa tunashusha godoro niliposikia kicheko kikitoka kwenye saluni ya jirani. Jamani, kicheko cha dada yako utakisahau vipi? Niligeuka... Nafula! Amenona, amependeza, ana mimba, anamsuka msichana huku wanapiga stori!

Niliangusha upande wangu wa godoro.

Alinivuta hadi nyuma ya saluni. Akanieleza kwamba Uarabuni aliteswa, akatoroka, akarudi zamani sana. Aliona haya kurudi kwetu mikono mitupu. Kisha akakutana na mwanaume wa huko Juja, na mwanaume huyo hajui kama dada ana watoto.

"Usimwambie mtu," alinisihi. "Watoto wamekuzoea wewe. Nikiwachukua, huyu ataniacha."

"Na mimi, dada? Mimi nitaanza maisha lini?"

 Mteja akamwita, naye akarudi ndani kumalizia nywele.

Nilimpigia mama nikidhani atanitetea. Mama alilia, kisha akaniomba nisivunje nyumba ya dada yangu, nivumilie. Nyumba yangu mimi iliyovunjika, nani aliililia?

Sheila sasa ni msichana mkubwa. Sikuweza kumdanganya, nikamwambia ukweli. Hakulia. Aliniomba tu nimpeleke amwone. Tulisimama ng'ambo ya barabara, akamtazama mama yake akifagia nywele mlangoni, tumbo mbele. Nilimwambia avuke, amsalimie. Akanishika mkono.

"Twende nyumbani, anti. Ian anakaribia kutoka shule."

Nilivunjika moyo pale pale. Nitamwachaje mtoto kama huyo? Nitaendaje?

Ndugu zangu, wewe unayesafiri kutafuta riziki, ukishindwa huko, rudi! Rudi hata na nguo moja, watoto wako hawatakuuliza umebeba nini. Na wewe unayeachiwa watoto, usikubali kwa machozi ya siku moja kama mimi. Waite wazazi, kaeni chini, mkubaliane mtu akikawia itakuwaje. Mimi nawapenda hawa watoto kwa moyo wangu wote... lakini hakuna aliyewahi kuniuliza kama ninataka kuwa mama yao.