Siga Iliyolala na Ng'onda

Damiani Nachinguru alikufa ameketi. Mbele yake palikuwa na glasi ya bia nyeusi iliyobaki nusu, na kando yake siga, ile sigara nene ya majani matupu ya tumbaku, imezimika na majivu yake marefu hayajadondoka.

Inspekta Fortunata Nannauka alifika kwenye hoteli ndogo ya Kilwa Masoko saa tisa na nusu, Alhamisi. Hakuwahi hata kuvaa glavu kabla harufu haijamfikia. Chini ya moshi kulikuwa na harufu nyingine, kali, ya kukwaruza koo. Aliyekulia Rondo kwenye mashamba ya korosho, kama yeye, hahitaji maabara kuitambua. Ilikuwa dawa ya mikorosho.

"Povu mdomoni, jasho, mboni zimesinyaa kama tundu la sindano," daktari wa wilaya alisema. "Sumu ya wadudu. Sampuli zitaenda kwa mkemia, lakini mimi sina shaka."

"Mtu mzima anakunywaje kitu kinachonuka hivi?"

"Mzee alikuwa na mafua, afande." Aliyejibu alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, amesimama dirishani na koti lake jeusi la kazi, kitambaa cheupe kimekunjwa vizuri mfuko wa kifuani. "Wiki nzima hakusikia harufu ya kitu."

Huyo ndiye Brighton, mwanafunzi wa marehemu kwa miaka tisa. Kazi yao ilikuwa moja, nayo Fortunata hakuwahi kuisikia: kuoanisha siga na bia nyeusi. Wageni walikuja toka Dar es Salaam kuambiwa siga ipi inakwenda na bia ipi, na kwa nini. Damiani alijifunza kazi hiyo melini, alikokuwa mhudumu miaka ishirini. Wageni wa safari hii walitarajiwa kesho yake, Ijumaa.

"Uchungu wa bia nyeusi unatokana na nafaka iliyokaangwa," Brighton alieleza. "Ukiiwekea siga nyepesi, umeiua siga. Na lazima bia iwe ya moto, isiyotoka kwenye friji. Ya baridi inafunga ulimi."

Aliongea vizuri mno, kama mtu anayesoma ukutani.

Sajenti Hussen akatoka jikoni na chupa ya maji yenye dawa nyeupe chini. Ilikuwa nyuma ya gunia la mkaa. Jikoni ni kwa Batuli, mpishi. Basi Batuli akafungwa pingu, na mkuu wa kituo akaona kazi imekwisha.

"Gari la mahabusu linakwenda Lindi kesho saa mbili asubuhi. Atakuwemo," alisema kwenye simu.

"Afande, nipe siku mbili."

"Una mpaka saa mbili, Nannauka."

Kituoni, Brighton aliinama mezani kusaini maelezo yake. Harufu ya dawa ikampiga Fortunata tena. Akajitazama mikono, akajinusa mkono wa sare. Maiti imenifuata, alijiambia, akamruhusu Brighton aende.

Batuli alikuwa kwenye benchi la mahabusu, mwanamke wa makamo wa Songo Mnara, vidole vyake vina hina mbichi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Ile chupa ni yako?"

"Niweke sumu ninapopikia watu? Mie nna wazimu?"

"Nani alimpelekea bia?"

"Sijui. Mie pombe siishiki, na pale hakuna asiyejua. Huchukua mwenyewe, ama Brighton humpelekea."

"Mligombana?"

"Jumatatu. Moshi wake uliingia kwenye shuka nilizoanika. Nikamsema, akacheka, yakesha hapohapo." Alivikunja vile vidole vya hina kwenye kiganja. "Siku hiyohiyo alimpa Brighton siga amnusie, kwa vile yeye ana mafua. Brighton akasema safi kabisa. Mie nafagia mlangoni, navuta uvundo wa ukungu mpaka nataka kutapika. Mzee akaigeuza ile siga, akaona koga. Akamtazama yule kijana, akamtazama."

Fortunata aliacha kuandika.

"Kesho baada ya sala ya Ijumaa mwanangu anaolewa," Batuli alisema taratibu. "Boti inaondoka saa nne. Baba yake hayupo duniani, ana mimi tu. Nikienda Lindi, afande, anaozwa huku mama yake ana pingu. Hilo atalibeba mpaka anazeeka."

Fortunata alifunga daftari. Alikwenda nyumbani, akavua sare, akaoga, akajisugua kwa sabuni ya mche. Akainusa sare. Ilikuwa inanuka moshi na jasho la kutwa. Dawa ya mikorosho haikuwemo hata kidogo.

Akasimama na sare mkononi. Kwa hiyo kule mezani harufu haikutoka kwake. Ilitoka kwa aliyeinama. Lakini muuaji gani mwenye akili anatembea na harufu ya sumu kifuani mbele ya polisi? Akaikumbuka siga yenye koga, na miguu ikakataa kutulia. Alizunguka chumba mara nne, akatoka kwenda hotelini kuomba siga moja, kisha sokoni kabla hawajafunga, akanunua ng'onda wa papa, samaki wa kukaushwa kwa chumvi, kipande kinachonuka kuliko vyote. Muuzaji alimshangaa. Siga na ng'onda vikalala mfuko mmoja. Yeye hakulala.

Saa moja asubuhi Brighton aliitwa kituoni. Aliambiwa avae koti lake la kazi, kwani Inspekta alitaka kuielewa ile kazi kwa ajili ya ripoti. Alifurahi, maskini.

Mezani palikuwa na glasi ya bia nyeusi na siga moja. Sajenti Hussen alisimama mlangoni, machozi yanamtoka.

"Niambie, hii siga inakwendana na bia hii?"

Brighton akaipitisha siga chini ya pua, polepole, macho amefumba.

"Kahawa. Ngozi. Chokoleti kwa mbali. Inakwendana kabisa, afande."

Hussen alishindwa kujizuia, akatoka nje anakohoa.

"Imelala na ng'onda, Brighton. Tangu jana."

Kijana akaitazama siga. Akainusa tena, kwa nguvu, na tena. Uso ukamshuka.

"Una haki ya kukaa kimya," Fortunata alisema. "Lolote utakalosema litaandikwa. Sasa nipe hicho kitambaa."

Alikitoa mwenyewe. Kilikuwa cheupe, hakina doa, na kilinuka dawa ya mikorosho mpaka juu ya uvundo wa ng'onda.

"Ulifutia nini?"

"Ilinimwagikia kidogo, nje ya glasi." Sauti ilikuwa ndogo. "Nilikikagua. Kilikuwa safi."

"Na chupa?"

"Niliiweka mimi kwa Batuli."

"Tangu lini husikii harufu?"

"Tangu ile homa iliyofunga dunia. Nilipona kila kitu, pua haikurudi. Maneno yote ni ya mzee, nimeyakariri. Jumatatu akagundua. Akaniambia Ijumaa atawaeleza wageni, mimi si mtu wa kazi hii tena." Akameza mate. "Mafua yake yangepona wiki ijayo, afande. Yangu hayaponi. Pua yake ilikuwa imeziba siku chache tu, nikaona ndiyo nafasi yangu."

"Na Batuli? Alikukosea nini?"

Brighton aliinamia meza. Hilo la Batuli ndilo Fortunata alishindwa kumsamehe.

Saa mbili kasoro robo Hussen alifungua pingu za Batuli. Mpishi alipita mlangoni anakwenda kuwahi boti, akaziba pua kwa kanga.

"Nani kaleta ng'onda ofisini?" aliuliza, asingoje jibu.

Gari la mahabusu liliwashwa. Brighton aliinuka, akakiangalia kitambaa ndani ya mfuko wa ushahidi.

"Kinanuka sana?"

"Sana."

"Kinanukaje?"

Fortunata alitaka kunyamaza, ikamshinda.

"Kama nyumbani kwetu Rondo, mwezi wa saba, baba akirudi shamba."

Brighton aliitikia kwa kichwa taratibu, midomo ikicheza bila sauti. Alikuwa anayakariri maneno hayo.